Magunia ya Nzioka

Mimi ni mtu wa mdomo. Uliza yeyote aliyeuza au kununua nyama Kitengela miaka ile, atakwambia Virginia, Mama Mwihaki wa buchari, hana breki. Nimegombana na madereva wa malori, na askari wa kanju wa baraza la mji, na mama mkwe wangu mbele ya wageni. Ndiyo maana inaniuma kwamba siku moja tu ambayo mdomo huu ulihitajika, haukufunguka. Naandika habari za Nzioka kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika, na wanaozisimulia wanazisimulia vibaya.

Nzioka alikuwa mkusanyaji wa mifupa. Najua inavyosikika, lakini ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Alikuja mwaka wa tisini na saba kutoka upande wa Makueni, akiwa na mkokoteni na mashati mawili, akakodi kiwanja kidogo nyuma ya kichinjio, mahali ambapo hakuna aliyetaka kupanga kwa sababu ya harufu. Kila asubuhi alizunguka buchari na hoteli akichukua mifupa. Aliianika juani mpaka ikakauka, na mara moja kwa mwezi lori lilikuja kuipeleka kiwandani Nairobi kusagwa iwe chakula cha kuku.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye haya. Alijua ananuka, na jambo hilo lilimsumbua kuliko lilivyotusumbua sisi. Kabla hajakusalimia aliangalia kwanza upepo unatoka wapi, kisha akasimama upande ambao harufu yake haingekufikia. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mke na watoto alikuwa amewaacha nyumbani, na kila mwisho wa mwezi aliwapelekea kitu.

Sasa nieleze habari ya magunia, kwa sababu hapo ndipo ulimwengu ulipopinda. Kila mwenye buchari alimpa Nzioka gunia lake la kutilia mifupa, na gunia zuri la katani lilikuwa mali, hukubali lipotee. Yeye alikuwa akiyachanganya. Siku moja akaniletea gunia limetoboka kama kichungi, langu zuri liko kwa Mburu wa buchari ya pili, na mimi nikamrukia pale pale barabarani. Nilimwambia kama hajui la nani ni la nani, aandike majina. Akasema kwa sauti ya chini kwamba aliachia shule darasa la pili na mkono wake hauwezi kuandika.

Nikamwambia alete rangi. Nilikaa juu ya jiwe katika kiwanja chake mchana mzima, nikaandika magunia kumi na moja kwa mkono wangu, herufi kubwa nyeusi. Nilianza na WAWERU, jina la mume wangu, kisha MBURU, kisha DAHIR, yule mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Wajir, kisha wengine wote. Nzioka alisimama nyuma yangu akifurahi kama mtu anayejengewa nyumba. Tangu siku hiyo magunia hayakuchanganyika tena, na akipata mteja mpya aliiga herufi zangu moja moja, polepole, ulimi nje.

Halafu ukaja mwaka wa elfu mbili na ule ukame. Waliokuwepo wanajua. Kutoka Isinya mpaka Kajiado ng'ombe walilala kando ya barabara kama magunia yaliyoanguka kwenye lori, na Wamaasai waliokuwa na mamia wakabaki na fimbo. Wengine, walipokosa cha kuuza, waliuza mifupa. Mama mmoja, Nalotuesha, alikuja na punda wawili waliobeba mifupa ya ng'ombe wake mwenyewe. Nzioka alipoanza kuitia guniani, mama huyo alishika gunia akalia kwa sauti, akiita jina la ng'ombe. Watu waliokuwa wakipita njia walimwona mwanamke amekumbatia gunia la mifupa akilia na kuita jina.

Mifupa ikawa mingi kupita kiasi. Kiwanda kikajaa, lori likaacha kuja, na kiwanja cha Nzioka kikawa na magunia zaidi ya sitini, yamepangwa ukutani, kila moja na jina la mtu aliye hai.

Wakati huo huo Kinyanjui, aliyekuwa na duka la betri na redio pale stendi, alipata kanda. Kila mahali watu walikuwa wakizungumza juu ya waabudu shetani, na kanda ile ilikuwa ushuhuda wa mtu aliyedai kwamba alitumikia kuzimu miaka saba. Kinyanjui aliiweka kwenye spika ya nje kuanzia asubuhi hadi jioni, na alikuwa akirekodi nakala na kuuza. Mtu huyo wa kanda alitaja dalili nyingi. Nyingine zilikuwa za kuchekesha. Lakini moja ilisema kwamba jina la mtu likiandikwa na kufungiwa pamoja na mifupa, nyama ya mtu huyo huisha mwilini kidogo kidogo mpaka abaki mifupa mitupu.

Sijui ni nani aliyeunganisha mambo hayo mawili kwanza. Nafikiri ni Kinyanjui, kwa sababu ndiye aliyeenda kuchungulia juu ya ua na kurudi akisoma majina kwa sauti, akihesabu kwa vidole. Kwa wiki mbili hakuna lingine lililozungumzwa Kitengela. Ukimwambia mtu hayo ni magunia ya buchari, alikujibu kwamba hivyo ndivyo wanavyoficha. Ukimwambia Nzioka ni maskini, alisema maskini ndiye hutumwa. Walikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilikuwa tamu kuliko ukweli. Dahir peke yake alicheka. Alisema gunia lake ndilo kubwa kuliko yote na yeye anazidi kunenepa.

Mimi nilibisha kwa nguvu zangu zote. Jambo moja tu sikulitaja, kwamba mwandiko ni wangu. Nilijiambia haina haja.

Na Waweru akaanza kukonda.

Mume wangu alikuwa mtu wa kilo tisini, wa kuinua nusu ng'ombe begani bila kuguna. Kwa miezi miwili suruali zikaanza kumwanguka. Alikunywa maji mtungi mzima na bado ulimi ulikuwa mkavu, wakati ambapo maji yenyewe tulikuwa tunayanunua kwa mikokoteni. Nilimsihi twende hospitali. Alikataa, na najua sababu, ingawa hakuisema hata siku moja. Miaka ile mtu akikonda, watu walikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilifunga biashara na kuvunja nyumba. Waweru aliogopa kupimwa kuliko alivyoogopa kufa. Magunia ya Nzioka yalimpa ugonjwa usio na aibu. Alipoanza kusema amefungwa, alisema karibu kwa furaha.

Ndugu zake walimwamini mara moja. Mchungaji naye aliamini, akaja kuomba na kufunga siku tatu, na siku ya tatu Waweru hakuweza kuinuka kitandani. Pumzi yake ilinukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Dahir alileta pikapu yake mlangoni ili tumkimbize Kajiado, ndugu zake wakasimama mlangoni wakakataa asitolewe. Waweru mwenyewe alinishika kanga.

"Hospitali haiwezi kufungua kitu imefungwa," aliniambia. "Ukinipeleka kabla hajaniachilia, nitafia kwa gari."

Nilimwangalia, nikajua kesho nitakuwa mjane. Nilitoka nikaenda kwa Nzioka nikikimbia, mchana kweupe, bila viatu.

Nilimkuta amekaa katikati ya magunia yake. Alikuwa hatoki tena, kwa sababu watoto walikuwa wakimrushia mawe. Hata hivyo aliponiona aliinuka akaangalia upepo, akasogea upande. Nilimweleza nilichotaka. Achukue gunia la Waweru, alilete kwetu, alifungue mbele ya watu, aseme amemwachilia. Basi. Waweru aingie kwenye gari.

"Mama Mwihaki," alisema, "si ni wewe uliandika hiyo jina?"

"Ni mimi."

"Sasa nitafungua nini?"

"Fungua tu waone. Hataki kwenda hospitali mpaka ufungue. Anakufa, Nzioka."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi la mifupa, na nilikuwa nalia.

"Nikifungua, watasema nilikuwa nimefunga," alisema.

"Akishapona nitawaambia ukweli wote. Kwamba mimi ndiye nilikuomba. Kwamba mimi ndiye niliandika. Naapa kwa Mungu."

"Utasema?"

"Nitasema."

Waweru alikuwa amemsaidia Nzioka zamani, alimpa mahali pa kulala wiki yake ya kwanza mjini. Labda ni hilo, au labda hakuweza kumwona mwanamke amepiga magoti. Alibeba gunia begani akanifuata.

Ua wetu ulikuwa umejaa. Mchungaji alikuwepo, na Kinyanjui, na ndugu wanne wa Waweru. Walimleta mgonjwa mlangoni juu ya godoro. Nzioka aliweka gunia chini, akakata kamba, akamwaga. Ilikuwa mifupa ya mbuzi na ya ng'ombe, na kila aliyekuwa pale amekunywa supu ya mifupa kama hiyo maisha yake yote. Lakini waliangalia kana kwamba wanaona maiti. Nzioka alimgeukia mgonjwa. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha Ukambani, "Waweru, nimekuachilia. Enda hosipitali."

Waweru akafumbua macho. Akaomba maji. Akasema sasa yuko tayari, na ndugu zake wale wale waliokuwa wamefunga mlango wakambeba mbio mpaka kwenye pikapu.

Ilikuwa sukari. Daktari alisema damu ilikuwa imejaa sukari kiasi kwamba saa mbili zaidi tungekuwa tumeleta maiti. Walimtundikia maji, wakampa sindano, na siku ya tatu alikaa kitandani akauliza kama nimemwachia mtu wa kuaminika buchari. Nilikuwa Kajiado naye siku tisa. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilipanga maneno nitakayosema nikirudi.

Sikujua kwamba huku Kitengela foleni ilikuwa imefika kwa Nzioka. Kila mwenye jina guniani alitaka naye aachiliwe. Wa kwanza aliwaambia hakuna kitu, ni magunia tu. Wakamwuliza mbona alimfungulia Waweru. Hapo alishindwa kujibu, kwa sababu jibu lilikuwa langu, naye aliliweka akinisubiri. Mburu alienda mara tatu, mara ya mwisho akiwa na panga. Dahir, ambaye angeweza kuwatuliza, alikuwa Isiolo akinunua mbuzi.

Tulirudi Jumamosi. Usiku huo nilimwambia Waweru kwamba kesho kanisani nitasimama niseme jambo. Akasema yeye ndiye atakayesimama kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyetolewa kaburini.

Na alisimama. Mume wangu hakuwahi kuongea mbele za watu, lakini Jumapili ile aliongea kama mtu wa kanda. Alisimulia jinsi alivyohisi nyama inavutwa kutoka mwilini, jinsi kamba ilipokatwa alihisi kitu kinaachia kifuani. Hospitali aliitaja kwa neno moja. Kinyanjui alikuwa mbele na kinasa sauti, anarekodi. Watu walilia, wakaimba, na kabla ya sadaka mtu mmoja aliuliza kwa sauti, na sisi wengine je? Wakatoka. Kanisa lote likatoka kama maji yaliyopasua bomba, na sisi tukabebwa katikati yao mpaka nyuma ya kichinjio.

Nzioka alikuwa amesimama mbele ya chumba chake, amevaa shati lake safi la Jumapili, hakuenda kanisani kwa hofu. Waliomzunguka walikuwa wateja wake. Walimwambia afungue yote. Alifungua moja, la pili, la tatu, na kila gunia likimwagika watu walizidi kupandwa na hasira, kwa sababu kila gunia lilikuwa kukiri tena. Ndipo aliponiona.

"Mama Mwihaki," alisema. "Waambie."

Kelele zilitulia. Nilikuwa mbali naye hatua kumi. Ukutani nyuma yake magunia yalisimama na herufi zangu, R zangu zenye mguu mrefu, W zangu zenye mkia, na nilihisi kwamba mtu yeyote mwenye macho anaziona. Kinyanjui aliuliza, "Atuambie nini?" Ndugu za Waweru walikuwa upande wangu wa kushoto. Nilijua mawazo yao kama ninavyojua njia ya kisimani: mwanamke aliandika jina la mume wake mwenyewe. Nilimfikiria Mwihaki, alikuwa na miaka sita. Waweru alikuwa amenishika mkono, mkono wake bado mwepesi kama wa mtoto.

"Anasema nini huyu?" aliniuliza.

Nikasema, "Sijui."

Nzioka hakunilaumu. Hakusema jina langu tena. Aliangalia chini, akaangalia upande, na nataka kuamini mambo mengi juu ya dakika hiyo lakini ukweli ni kwamba aliogopa tu, kama mtu yeyote. Jiwe la kwanza lilitoka nyuma. Sitaandika yaliyofuata. Chumba kilichomwa, na mifupa haiwaki vizuri, ilifuka moshi mpaka Jumanne. Yeye alikufa saa tisa, chini ya ua wake. Waliokuwa wamemzunguka walienda nyumbani kula, na mimi nilienda nao.

Mke wake alikuja kuuchukua mwili akiwa na shemeji yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Alielekezwa buchari kwetu kwa sababu Nzioka alikuwa akimtajia jina langu nyumbani, kwamba kuna mama aliyemwandikia majina, akamrahisishia kazi. Aliniuliza mume wake alikosa nini. Nilimpa chai. Nilimwambia sikuwepo.

Watu hufikiri uongo ukishaua hushiba. Huu haukushiba. Kanda ya ushuhuda wa Waweru ilinakiliwa, ikafika mpaka Rongai na Gataka, na miezi michache baadaye ikaturudia midomoni mwa watu ikiwa imenenepa: magunia sasa yalikuwa mia mbili, na ndani yake vichwa vya watoto. Mkamba mwenzake Nzioka aliyeuza mkaa karibu na reli alifungasha akahama, na fundi wa viatu naye. Mburu, ambaye gunia lake liliungua kabla halijafunguliwa, aliamini kwamba amefungwa milele na aliyeshika kamba amekufa. Aliacha kufungua buchari. Akaacha kuoga. Alikufa mwaka uliofuata bila ugonjwa ambao daktari angeweza kuutaja, na mazishini nilisikia mama mmoja akisema, unaona?

Nilivumilia miaka mitano. Kila asubuhi na kila jioni nilichukua kichupa cha dawa kutoka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, kilimokaa kisipate joto, nikavuta kiasi chake, nikamdunga Waweru pajani. Kila siku mara mbili tiba yenyewe ilikuwa mkononi mwangu, naye akinipa paja huku akimshukuru Mungu kwa siku ile alipofunguliwa. Niliwahi kumwuliza, kama ulifunguliwa sindano ni za nini. Akasema hizo ni za kufukuza mabaki.

Mwaka wa elfu mbili na tano, asubuhi moja baada ya sindano, nilimwambia. Nilimwambia yote, rangi, jiwe nililokalia, magoti yangu kwenye vumbi, kiapo. Nililia mpaka nikakosa sauti. Nilichukua kalamu nikaandika WAWERU nyuma ya kalenda, aone ile W. Nilidhani atanipiga au ataniacha, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Aliangalia kalenda. Kisha akaninyoosha kanga begani, taratibu, kama unavyomfanyia mgonjwa.

"Pole, Mama Mwihaki," alisema. "Kumbe yale mabaki ulibaki nayo wewe."

Jioni mchungaji alikuja na wazee wanne. Waliniweka katikati wakanishika kichwa. Walimwuliza aliye ndani yangu ni nani aliyemtuma kumtetea Nzioka. Nilisema ni mimi, Virginia, na ninasema ukweli. Wakasema mapepo haya ndiyo magumu zaidi, yale yanayosema ni ukweli. Walirudi wiki ya pili. Nilirudia kila neno, nikawaonyesha mwandiko, nao wakachoma kalenda.

Wiki ya tatu walifunga siku mbili kabla ya kuja, na Waweru alifunga pamoja nao. Mtu wa sukari hafungi; akidungwa sindano bila kula, sukari hushuka mpaka akaanguka. Nilimwona pembeni amekaa kwenye stuli, jasho linamtoka, midomo imekauka, anatikisa kichwa kwa usingizi ule mbaya ninaoujua, na alikuwa ameapa hataonja kitu mpaka niachiliwe. Mchungaji akaniuliza kwa mara nyingine nani aliandika majina.

Nikasema ni Nzioka. Nikasema nimefunguka, nahisi kitu kimeachia kifuani.

Waliimba. Waweru alilia kwa furaha akanikumbatia, mwili wake wote umelowa. Nikamkalisha, nikampa chai yenye sukari, na nikasubiri mikono yake iache kutetemeka ndipo nikachukua sindano.